Korongo na Taa ya Kushoto

Ukitaka kuziona sarafu za nchi nzima bila kuwa waziri wa fedha, kaa mlangoni pa choo cha kulipia. Kibofu hakijui cheo. Mimi ndiye ninayekaa mlangoni pa choo cha soko, nyuma ya kimeza chenye karatasi za kujifutia, ndoo ya maji ya sabuni na redio isiyokamata kitu ila mahubiri na mpira. Kila anayeingia ananipa sarafu, na kila sarafu naigeuza, naipindua, naiinamisha kwenye mwanga kabla sijaitupa koponi.

"Mzee, hiyo ni halali!" wateja hulalamika.

"Najua."

"Sasa unaipima nini? Mwenzio nakufa hapa!"

"Pita, pita. Ukifia mlangoni nitaulizwa mimi."

Nilikuwa nazipima kwa sababu nilikuwa na kesi. Si ya mahakamani. Mahakamani tulishakwenda tukaambiwa turudi na ushahidi, na aliyetuambia hivyo alikuwa anachokonoa meno. Simsahau. Simsahau pia msimamizi wa kiwanda cha sarafu aliyemfukuza shemeji yangu, wala soksi alizovaa siku ile: moja ya kijivu, moja nyeusi. Mtu aliyeshindwa kulinganisha soksi zake ndiye aliyepewa kazi ya kulinganisha kweli na uongo.

Shemeji, mume wa dada yangu mdogo, alikuwa fundi wa mihuri pale kiwandani. Muhuri ni kipande cha chuma kigumu chenye picha iliyochongwa kinyumenyume. Mashine inakishindilia kwenye kisahani cha madini, paa! sarafu imezaliwa. Kazi yake ilikuwa kuifunga mihuri kwenye mashine, kuifuta, kuing'arisha, na kuitoa ikichoka. Iliyomponza ni sarafu ya korongo, ile yenye ndege aliyesimama kwa mguu mmoja kama anayesubiri zamu pale kwangu. Siku moja benki ikarudisha magunia mazima: sarafu zina mstari. Wakubwa wakasema kuna mtu ameukwaruza muhuri kwa makusudi. Zamu yote ikarudishwa nyumbani bila mshahara mpaka uchunguzi uishe, na uchunguzi wa wakubwa, kama mjuavyo, hutembea kwa magoti. Mwisho wake shemeji akafukuzwa.

Yeye alisema neno moja tu: "Sikugusa."

Nami nikasema, kama amesema hakugusa, basi hakugusa. Nikaandika vipeperushi. Nikasimama getini na bango, jua na mvua, mara nyingi peke yangu na mbwa wa mlinzi. Haki za wafanyakazi nilijisomea mwenyewe, palepale mlangoni pa choo, kwenye vitabu ambavyo kurasa nyingine zilikuwa zimeshachanwa na wateja. Nilipaza sauti hadi watu wakalisahau jina nililopewa na wazazi, wakaniita Kipaza.

Kiwanda kilikwisha badilisha wakubwa, rangi na mlinzi. Mbwa alikufa. Mimi sijabadilika.

Lakini kilichomtafuna shemeji hakikuwa kazi. Kazi alipata nyingine, ya kutengeneza kufuli na kuchonga funguo. Kilichomtafuna ni wenzake. Wastaafu wa kiwanda wana chumba chao nyuma ya safu ya mafundi cherehani, chenye benchi, birika la chai na meza ya drafti, na walimpiga marufuku kukanyaga humo. Mwenyekiti wao ni Kifua, aliyekuwa mwendesha mashine, mtu mpana kama kabati. Yeye na shemeji walikuwa chanda na pete. Kila mapumziko walicheza drafti hadi kengele iwatimue. Baada ya ile zamu kukaa nyumbani, Kifua akawa akikutana na shemeji njiani anakohoa tu. Salamu yenyewe ndiyo hiyo, kikohozi.

Basi kila alasiri shemeji anavaa shati safi, anaaga kwamba anakwenda kununua kiberiti, anapita taratibu mbele ya dirisha la kile chumba, anarudi. Nyumba ile ina viberiti vya kuchoma mji.

"Kaka," dada aliniambia siku moja, "mrudishe huyu mtu kwa wenzake, mimi simwezi tena. Ananichezesha drafti kwa vizibo vya soda. Nikishindwa ananicheka, nikishinda ananuna hadi chakula cha usiku."

Nikaenda kwa Kifua. Tulibishana, tukatishana, akanitolea kikohozi, nami nikamtolea hotuba. Mwisho akasema, "Sawa, Kipaza. Jumamosi. Njoo na ushahidi mbele ya wenzangu wote. Ukitushawishi kwamba hakugusa, anaingia. Ukishindwa, jambo hili tunalizika, na wewe usiniletee tena mdomo wako."

Ushahidi nilikuwa nao, maana choo kilikuwa kimenilipa.

Nikueleze, si kazi ngumu. Chuma kikigongwa sana huchoka, na kikichoka hupata ufa. Madini yanajipenyeza kwenye ule ufa, ndiyo maana kwenye sarafu unaona mstari uliotuna. Ukiona mstari umechimbika, huyo ni mtu wa mtaani na msumari wake, mwache. Ila muhuri uliokwaruzwa kwa mkono nao hutoa mstari uliotuna vilevile. Sasa utajuaje kipi ni kipi? Kwa umri. Ufa hukua, mkwaruzo haukui. Ukipata sarafu za muhuri mmoja, za mwanzo hadi za mwisho, ukaona mstari unaanza mfupi kisha unarefuka, huo ni uchovu wa chuma na roho mbaya ya asiyetaka kukibadilisha. Muhuri wetu niliujua kwa chunusi ndogo chini ya mkia wa korongo, kama alama ya kuzaliwa. Kila korongo mwenye chunusi niliyempokea mlangoni nilimbadilisha kwa sarafu ya mfukoni mwangu, nikaenda naye nyumbani kwa dada ninakoishi.

Picha nilipiga kwa simu, juu ya kamera nimefunga kwa mpira kile kilenzi cha mafundi saa. Sarafu unailaza kwenye kitambaa cheusi ndani ya sanduku la viatu lililokatwa ubavu. Usiisugue! Dada aliwahi kunisaidia kwa kuzing'arisha kwa ndimu na majivu, nikaugua siku mbili. Wala usiimulike kutoka juu, itang'aa kama kipara na hutaona kitu. Taa unailaza ubavuni, mwanga upite chinichini, kilichotuna kitupe kivuli. Yangu niliilaza upande wa kushoto, kwa sababu tundu la umeme liko kushoto na waya wa taa ni mfupi. Siku zote kushoto.

Zikatoka picha nzuri, we! Hapa ufa ni kinywele mgongoni mwa korongo. Hapa umepanda juu ya bawa. Hapa umefika ukingoni, mnene kama mshono wa gunia. Studio wakanichapia, nikazipanga kwenye kadi. Hata yule wa kuchokonoa meno angeelewa.

Alhamisi mchana nilitaka kupiga picha moja ya ziada, nikamkuta dada amelikalia tundu la umeme. Anapiga pasi.

"Dada, nipishe kidogo."

"Nikupishe nini? Umeme una foleni. Ninanyoosha shati la mume wangu la Jumamosi, na hili likipata kunjo, na wewe utanyooshwa."

Nikalihamisha sanduku kwenye meza ya ukuta wa pili, kuna tundu lingine. Huko mwanga wa taa ukamwangukia korongo kutoka utosini badala ya kushoto. Nikaangalia kwenye simu. Nikapenga kamasi, nikaangalia tena.

Korongo alikuwa na kitu mdomoni.

Mstari mfupi, mwembamba, umelala sawasawa kutoka ncha ya mdomo, na kimkia kimepinda. Mnyoo. Nikapuliza, nikidhani vumbi. Mnyoo hakutikisika. Nikaurudisha mwanga wa kushoto kwa kuizungusha sarafu: mnyoo akatoweka. Nikazungusha tena: huyu hapa. Mwanga ukipita njia ileile aliyolalia, hana kivuli, haonekani. Ukimkata njia, anajitokeza kama mdeni siku ya mshahara.

Nikazimwaga sarafu zote mezani. Wale korongo wa mwanzo, wenye ufa wa kinywele, mdomo mtupu. Ufa ulipofika kwenye bawa, mnyoo huyo, mzima mzima, na tangu hapo hakurefuka hata unywele hadi sarafu ya mwisho. Ufa haufanyi hivyo. Ufa huzaliwa mtoto. Huyu alizaliwa na ndevu.

Nilikaa kitini. Dada akauliza kama nimeona nyoka. Nikamwambia ni jamaa yake.

Shemeji nilimkuta uani, amepiga magoti akipaka viatu vyake rangi. Viatu vya Jumamosi.

"Shemeji," nikasema, "korongo anakula nini?"

Brashi ikasimama. Hakuinua uso.

"Taa umeiweka wapi?" akauliza.

"Kwa hiyo uligusa!"

"Punguza sauti, Kipaza."

"Nipunguze? Nimeipandisha miaka yote hii kwa ajili yako! Nimesimama getini na mbwa! Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshaandika vipeperushi."

Nilitaka kumpiga na kiatu chake. Akakivuta kiatu karibu, kwa tahadhari, akaanza kueleza huku anapaka rangi pale palipokwisha pakwa.

"Ufa niliuona ukiwa mdogo. Nikamwambia msimamizi tuutoe muhuri. Akasema agizo ni kubwa, tugonge tu. Ukakua, nikarudi kwake. Akaniuliza mimi ni fundi au mchungaji, mbona nahubiri. Unajua muhuri ukipasuka mashine ikiwa inakimbia? Vipande vinaruka kama risasi. Na nani amesimama mbele yake, kifua wazi? Nikasema, ufa mkaguzi ameamriwa aupitishe, ila nikiuharibu muhuri kwa alama nyingine, ataukataa, watautoa wenyewe. Nikachukua ncha ya chuma, nikamchorea korongo mnyoo. Nikangoja. Sarafu zinapita! Nyingine, zinapita! Nikajifanya nakwenda kuomba kitambaa mezani kwa mkaguzi. Nikatazama. Taa yake iko kushoto."

"Na mnyoo umemlaza njia ya mwanga."

"Fundi mzima." Akatema mate pembeni. "Nilikuwa natafuta nafasi ya kumchora mwingine, wima. Benki ikaniwahi. Wale wanahesabia dirishani, mwanga wao hautoki kushoto."

"Si ungejitetea hivyohivyo? Kwamba ulimwokoa mtu?"

"Watu wangapi walikuwa wamelala njaa nyumbani kwa mnyoo wangu? Ningewaambia ndiyo, ni mimi, ila nilikuwa na nia nzuri? Nikasema sikugusa, na neno likitoka mara ya kwanza linakuwa na miguu yake."

Kutoka ndani tukasikia pasi ya dada ikigonga meza.

"Sasa Jumamosi?" nikauliza.

"Picha zako za kushoto si ziko tayari?"

"Ziko."

"Ufa unaonekana unakua?"

"Unaonekana."

"Peleka hizo, basi. Si za uongo. Umeona ufa, upo."

"Zinaonyesha nusu."

"Shemeji, sisi kwa nusu hatujazoea? Leo ndio umeshiba?"

Nusu! Mimi, niliyewatukana wakubwa kwa taarifa zao za nusu, niliyeandika kwamba nusu ya kweli ni uongo uliovaa tai! Niliingia ndani nimefura kama andazi. Nikaliona lile shati limetundikwa mlangoni, jeupe, mikono imenyooka, kola imekaa kama ya bwana harusi. Nikaona na rafu ya viberiti. Nikaenda studio nikachapisha picha moja ya mnyoo, nikaitia mfuko wa ndani wa koti. Zile za kushoto nikazibeba mkononi. Usiniulize nilikuwa nimeamua nini, mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza.

Jumamosi chumba kilijaa. Kifua mbele, mikono imekunjwa. Kando yake Bibi Mkaguzi, yule aliyekaa kwenye meza ya ukaguzi enzi zile, sasa ana miwani minene kama vitako vya chupa na ulimi haujapoteza makali. Shemeji alisimama karibu na mlango, maana kukaa alikuwa hajaruhusiwa. Macho aliyakaza, si kwangu, bali kwenye meza ya drafti. Kuna mchezo uliachwa katikati.

Nikasema. Kusema ndiko nilikojaliwa. Nikawapitishia kadi mkononi, nikawaonyesha kinywele, bawa, ukingo. Nikawauliza, mkwaruzo gani unanenepa kama mtoto wa tajiri? Wakaguna. Mmoja akasema, "Kumbe muhuri ulikuwa umechoka vile!" Mwingine akamtukana msimamizi na kumtajia soksi zake, nikampenda papo hapo. Bibi Mkaguzi alizishika picha muda mrefu, akazisogeza puani.

"Ufa huu," akasema polepole. "Waliniamuru niupitishe. Halafu wakatuambia ni mtu."

Kifua akashusha pumzi. Kabati likafunguka. Akainuka, akapita katikati ya viti hadi mlangoni, akanyoosha mkono.

"Nilikukosea, fundi," akasema. "Ingia ukae."

Shemeji aliutazama ule mkono. Nilimwona anavyoutaka. Vidole vyake vilianza safari, vikafika nusu, vikarudi kwenye suruali.

"Kipaza," akaniita. "Toa na ile nyingine."

"Ipi?"

"Ya mfuko wa ndani. Unajipapasa tangu tulipotoka nyumbani kama mtu mwenye upele."

"Shem, mwenyekiti ameshasema uingie..."

"Toa. Siwezi kukaa nicheze na mtu huyu huku namficha mnyoo."

Nikatoa. Ilipita mkono kwa mkono, na ilipopita, kelele zilikufa nyuma yake. Shemeji akaeleza, kwa maneno machache kuliko aliyonipa mimi. Alipofika kwenye taa ya kushoto, Bibi Mkaguzi alipiga goti lake kofi.

"Taa ile! Niliomba waihamishe hadi nikachoka! Na wewe mjinga, kwa nini hukumchora wima?"

"Sikufikiri, bibi."

"Hukufikiri! Ningemwona nikiwa nimefumba jicho moja!"

Watu wawili wakacheka, wakajizuia, kwa sababu Kifua alikuwa hajacheka. Alikuwa ameirudia kadi yangu, ile picha ya mwisho, ufa umefika ukingoni. Akaiweka mbele ya kifua chake, pale ambapo ile mashine ilikuwa inamfikia, akatazama chini, kama mtu anayepima shati dukani.

"Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama hapo," akasema.

"Ndiyo."

"Si ungeniambia?"

"Ningekuambia, ungeiacha mashine?"

Kifua alifikiri. Ni mtu wa haki, nampa hilo, ingawa bado namdai vikohozi vyangu. "Nisingeiacha. Agizo lilikuwa kubwa."

"Ndiyo maana nikamwambia korongo."

Mzee mmoja nyuma akasema wanawe walilala na uji wa chumvi zamu ile, hilo lisisahauliwe. Shemeji akasema halijasahaulika, na kwamba uji huo ndio uliomfunga mdomo. Mwingine akasema bora uji kuliko jeneza. Wakaanza kubishana, wote kwa pamoja, nami nikatamani kusimama niwaongoze, lakini kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na kipeperushi cha upande wowote. Nikakaa kimya. Watu waligeuka kuniangalia kama ninaumwa.

Kifua akapiga meza, kete zikaruka.

"Sikilizeni. Kwa mkwaruzo, mimi namsamehe. Ngozi iliyookolewa ni yangu, msamaha natoa mwenyewe. Uji wa chumvi, kila mtu atamsamehe kwa wakati wake, sitawasemea. Lakini kwa kutudanganya miaka yote hii, na kumfanya huyu Kipaza atupigie kelele dirishani wakati tunacheza..." Akakohoa. Safari hii kilikuwa kikohozi cha kweli. "Kwa hilo atachemsha chai ya chumba hiki hadi tuseme basi. Anayepinga?"

"Sukari aweke mwenyewe kila mtu," akasema Bibi Mkaguzi. "Huyu hajui kupima."

Hakuna aliyepinga. Yule wa uji alitazama ukutani, lakini hakuondoka.

Shemeji alichemsha chai. Ilikuwa mbaya. Akagawa vikombe, akampa yule wa uji kwanza, kisha akasimama tena karibu na mlango, birika mkononi, shati lake limelowa mgongoni pale dada alipopanyoosha zaidi. Nilianza kusema kitu kuhusu haki ya mfanyakazi kukaa wakati wa mapumziko.

"Kipaza, kunywa chai yako," Kifua akanikata. Akafuta ule mchezo ulioachwa katikati, akazipanga kete upya, akasukuma kiti cha pili kwa mguu hadi kikamgusa shemeji magotini.

Shemeji akakaa. Akakunja mikono ya shati, akanyoosha vidole, akaufikia ubao.

"Pole pole," Kifua akasema, akainyakua taa ya meza kutoka kwenye rafu na kuisimamisha katikati kabisa, juu ya kete. "Na mikono iweke nje, fundi. Nataka kuiona yote miwili."